Mama Mkwe Majini

Maji yalikuwa yamenifika kidevuni, na mwalimu wangu wa kuogelea alikuwa amenipa mgongo.

Alisimama ufuoni, hatua thelathini kutoka nilipokuwa, uso ameuelekeza kwenye mikoko. Alilotaka kunifundisha alimwambia binti yangu Pamela, na Pamela, aliyesimama katikati yetu maji yakimfika magotini, ndiye aliyenifikishia. "Asema ulegeze shingo." Nikalegeza. "Auliza, umelegeza?" Nimelegeza. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuogelea, miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, katika hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu hapa kwetu Dabaso: kwa kutumiwa salamu.

Mwalimu mwenyewe, Ngumbao, ni mume wa Pamela. Katika ukoo wetu mkwe wa kiume haketi mkeka mmoja na mama mkwe, hamshiki mkono, na kumwona hajajistiri ni balaa la watu wote. Mchana Ngumbao aliwafundisha wageni kuogelea katika hoteli moja ya Watamu. Aliwashika viuno wanawake wa kila taifa na wazee wetu hawakuona neno. Mimi ndiye niliyekuwa mwiko.

Nami sikwenda majini kwa anasa. Magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa kazi. Daktari Amisha wa Malindi alizitazama picha za mifupa, akaniambia bila kuzunguka: "Mama, ukiendelea kukaa hivi, mwakani hutatembea. Fanya mazoezi ndani ya maji. Si wewe ni mtu wa pwani?"

Niliona haya kumjibu. Nilizaliwa hatua mia mbili kutoka majini. Kaka zangu walijitupa humo tangu hawajang'oka meno ya utoto. Mimi nilipita na ndoo kichwani na kukaripiwa nisitazame. Msichana akirudi nyumbani amelowa, aliitwa mhuni. Sikujua kwamba jambo hilo liliniudhi hadi daktari aliponiuliza swali lake, na nilipolijua nilikasirika njia nzima kutoka Malindi.

Wiki ya tatu nilielea. Nasema nilielea, mimi, kilo tisini na mbili. Magoti yalinyamaza kabisa, kitu ambacho hayakuwa yamefanya kwa mwaka mzima. Nikalia, na Pamela akadhani nimemeza maji.

Jumanne moja ya wiki ya sita, maji yakianza kupwa, ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa nimejifunga leso kama ninavyojifunga siku zote, mafundo mawili kiunoni, maana sikutaka kumwaibisha mkwe hata kama hanitazami. Leso ya namna hiyo ni ya kulimia. Ilinizonga miguu, na mkondo ukaanza kunivuta kwenda kilindini. Pamela, ambaye naye hajui kuogelea, akapiga yowe. Katika lile yowe nikamsikia Ngumbao akiuliza, bado amenipa mgongo: "Amejistiri?"

Mimi nazama, na kijana mwenye mikono ya kuokoa watu ananiulizia nguo. Sikumlaumu yeye. Niliwalaumu waliomlea hivyo, nami nikiwemo, kwa kuwa siku ya posa nilimsifu mbele ya watu kwa jinsi alivyoinamisha macho. Ghadhabu ilinipa nguvu ambazo mazoezi hayakuwa yamenipa. Nikayafungua yale mafundo, nikaiacha leso iende Mombasa ikitaka, nikalala chali kama nilivyofundishwa na kupiga miguu.

Nilipogusa mchanga nilimkuta Ngumbao ndani ya maji hadi kifuani, macho ameyafumba, mikono ameinyosha, ananitafuta kwa kupapasa. Nami nilikuwa nimevaa fulana na kaptura ya marehemu mume wangu, inayonifika magotini.

"Fumbua macho, mwanangu," nikamwambia. "Niko hai."

Akafumbua. 

Siri ya watu watatu si siri. Siku ya pili yake shemeji yangu Mwaringa, kaka mkubwa wa marehemu, akaniita kwake. Yeye alikaa kitini. Mkewe, Priscilla, alikuwa ameketi chini kando ya ukuta, miguu yake iliyovimba ameinyosha mbele.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia umemvulia mkweo nguo."

"Nilivua leso nisife."

"Ungengoja mtu mwingine."

"Nani, shemeji? Nitajie jina lake."

 Alisema bahari si mahali pa mwanamke mzima, kwamba nisikanyage tena majini, na Ngumbao asithubutu kunifundisha, kwa kuwa ukoo unachekwa. Nilimsikiliza hadi akamaliza, maana nimelelewa vizuri.

"Mwaka mzima nimekwenda chooni nikijikokota kwa kushika kuta," nikamwambia. "Hukuniita. Ukoo haukuchekwa. Leo naweza kusimama kwa miguu yangu ndipo naitwa. Mficha uchi hazai, shemeji, na sisi sote hapa tumezaliwa."

Aliniambia sina adabu. Nikamjibu kwamba huenda ni kweli. Akatoka nje, na tukamsikia akimkaripia kuku.

Nikaanza kuinuka. Priscilla, ambaye kwa miaka thelathini sikuwahi kumsikia akisema lolote mumewe akiwa karibu, alinitazama nikisimama bila kushika ukuta.

"Mwaenda saa ngapi?" akauliza, sauti ameishusha.

"Twafuata maji. Kesho yajaa saa moja asubuhi."

Akautazama mlango. Kisha akaikunja miguu yake kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Nipitie," akasema.