Vidonge Ndani ya Debe la Alizeti

Mimi ndiye niliyeficha dawa za presha za mume wangu, Naftali. Naanza na hilo kwa sababu hapa Sepuka kila anayesimulia habari hii huanza na kuku niliowachinja, mimi nikaonekana mpishi tu.

Binti yetu Witness, muuguzi, alikuwa anaposwa na Noel wa Shelui. Wajumbe wao walikuja kulala kwetu siku mbili, na sote tunajua wajumbe wa posa hufuata nini: wanakula, wanasifu, huku macho yanatembea nyumba nzima yakitafuta ugonjwa wa ukoo. Baba mkwe wangu alianguka kwa kiharusi akipalilia. Shangazi wawili wakamfuata. Basi nikazichukua dawa za Naftali, nikazizika kwenye debe la mbegu za alizeti.

"Siku mbili haziniui," Naftali alisema. Tulikubaliana haraka, jambo ambalo katika ndoa yetu lilipaswa kunitisha.

Siku ya pili mchana, mkubwa wa wajumbe, mzee Leonidas wa ukoo wa Noel, alijifuta mdomo akauliza kwa upole kama kwetu kuna kifafa, wazimu au watu wa kuanguka.

"Sisi tunakufa kwa uzee tu," Naftali alijibu. Baba yake alikufa na miaka hamsini na mbili. Huku akisema hayo alikuwa ameshika kisogo, jasho linamtoka. Niliogopa sana. Nikataka kusema, nikawatazama wageni, nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Binti anayeposwa hukaa ndani mpaka aitwe. Witness alitoka bila kuitwa, kipimo cha presha mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba," wageni wakaitikia, maana wangefanya nini?

"Baba, lete mkono." Akapima. "Mia moja tisini na mbili, chini mia na kumi." Akawageukia wageni. "Baba ana presha. Babu alikuwa nayo. Huenda na mimi nimerithi. Mkitaka kuondoka, gari bado zipo."

Leonidas alikohoa. "Kwa hiyo iko kwenye damu yenu."

"Damu inasingiziwa, mzee. Ubongo ndio unaoamrisha moyo na mishipa. Watafiti wamepiga picha za ubongo, wakaona umbo la baadhi ya sehemu zake linaendana na presha, na vinasaba vingine vinahusika na vyote viwili. Kipi kinaanza, bado wanachunguza. Ila kurithi si kuhukumiwa. Dawa inasaidia, na chumvi ikipungua."

Nikakitazama kichwa cha Naftali. Ubongo wa ukoo ule nilishaujua miaka thelathini, bila picha.

Leonidas akakunja mkono wa shati. "Nipime na mimi."

Mia moja themanini na tano. Dawa zake zilikuwa Shelui, kwenye pipa la mtama. Mkewe alimkataza kuja nazo, tusije tukaziona.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikiwa chini nikalia. Kisha nikaingiza mkono kwenye alizeti hadi kwapani, nikatoka na vidonge. Leonidas naye akanyoosha kiganja.

"Dawa ya mtu si ugali, mzee," Witness akamwambia. "Twendeni zahanati." Wakapanda bajaji moja, koo mbili zimebanana nyuma, kila mmoja anamlaumu mkewe.

Waliporudi jioni, wametulia, Leonidas akasema, "Tuulizane upya." Naftali akamtaja baba yake na miaka aliyokufa nayo. Sikuwahi kumsikia akiitaja mbele ya mgeni. Leonidas akawataja kaka zake wawili walioanguka kama yeye. Ng'ombe wakajadiliwa kesho yake.

Sasa Witness ni mjamzito, na mtoto atarithi pande zote mbili, maskini. Dawa za Naftali zinakaa mezani sebuleni, mgeni akiingia anazikuta. Saa yake ikifika Naftali huniita, "Mama Witness, maji," na nampelekea hata kama wageni wamejaa, nasimama pale pale mpaka ameze.