Lugha ya Usingizi wa Mchana

Nyumba ile ilikuwa na sheria, na aliyeitunga ni mama wa mtoto mwenyewe, mkalimani wa mahakamani. Kila mdomo na lugha yake. Mumewe, fundi wa makochi aliyekuwa na karakana uani, aseme na mtoto lugha ya mtaani, ile waliyoongea wote mezani. Mama mkwe aseme lugha ya kijijini kwao. Yeye mkalimani aseme lugha ya ofisini, lugha ya vyeti na hukumu, tena kamili, bila kumung'unya. Na mtu asichanganye! Ukianza sentensi kwa lugha moja uimalizie humo humo, hata kama maziwa yanafurika jikoni.

Kazini kwake ndivyo ilivyokuwa. Mkalimani akichanganya, mtu anaweza kwenda ndani kwa neno ambalo hakulisema. Basi dada wa watu akaichukua sheria ya kizimbani akaileta mpaka kwenye beseni la kuogea mtoto. Makubwa haya! Fundi alipoelezwa alicheka hadi misumari aliyokuwa ameibana midomoni ikamwagika sakafuni.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema, na tangu siku hiyo hakumwita mkewe jina lingine.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza tu, "Na ya kwenu je, mwanangu? Atasemeshwa na nani?"

"Ya kwetu tuiache, mama. Haina kitabu, haina kazi. Niliyekuwa naongea naye ni mama yangu, na mama yangu hayupo tena tangu nikiwa mdogo. Tatu zinamtosha huyu." Alisema hivyo huku akikunja nepi haraka haraka, na nepi yenyewe ilikuwa imeshakunjwa.

Mtoto walimwita Kijino, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa nacho kimoja tu, na alikitumia ipasavyo. Baba yake alimshonea kitabu kwa mabaki ya vitambaa vya makochi: ukurasa wa kikombe ulikuwa wa mahameli, wa kiatu ulikuwa wa jinzi, ufunguo ulikuwa wa ngozi, na kuku alikuwa na manyoya ya kweli yaliyotolewa kwenye mto uliochanika. Kijino alianza kukisoma kwa fizi kabla ya kukisoma kwa macho. Kuku yule alitafunwa kichwa akashonewa kingine, akatafunwa tena, mpaka fundi akasema basi, huyu atabaki hivyo hivyo, mtoto ajue kuna kuku wa aina hiyo.

Kila mchana mkalimani aliporudi kutoka kazini mdomo ukiwa umechoka kusema maneno ya watu, alikula, akanawa, akaketi na mtoto kwenye godoro lililokuwa chini ya dirisha, akamsomea. Pazia lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na jua likipita humo chumba kizima kilikuwa cha rangi hiyo, kuta na mito na nyayo za mtoto. Nje, cherehani ya fundi ilikuwa ikienda, ikisimama, ikienda. Mkalimani alisoma kikombe, akasoma kiatu, taratibu, kwa matamshi safi ambayo hata hakimu angeyasifu. Kijino alitazama ukurasa. Alisikiliza vizuri kabisa. Lakini uso wa mama yake hakuutazama, kama vile sauti inatoka kwenye redio iliyowekwa kabatini.

Na hapa ndipo penye kidonda. Kijino alikuwa ameshaanza kuongea. Baba alikuwa na jina. Paka wa jirani alikuwa na jina. Na kwa kuwa nyumbani mule mtu aliyeitwa "mama" alikuwa mmoja tu, yaani bibi, maana mwanawe alimwita hivyo na mkwewe pia, Kijino naye akamwita bibi yake mama. Nani angemlaumu? Aliyemzaa alifundisha neno la ofisini la kumwitia mama, akalifundisha asubuhi, akalifundisha jioni, na mtoto hakulitaka hata kulionja. Akimtaka mama yake alinyoosha kidole tu. Mkalimani alikuwa na hamu moja moyoni, na hakumwambia mtu: aitwe. Hata mara moja. Kwa lugha yoyote.

Siku moja Kijino alikuwa akikimbia na kitabu mkononi, akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka kifudifudi. Kilio kikatoka. Mkalimani ndiye aliyekuwa karibu. Akapiga magoti, akafungua mikono, akasema kwa lugha ya ofisini maneno yote yanayotakiwa: pole, njoo, imeshapita. Sentensi zilinyooka. Mtoto alimtazama kwa machozi, akamzunguka kama unavyozungukwa mguu wa meza, akaenda jikoni moja kwa moja kwa bibi yake akizika uso kwenye kanga.

Mkalimani alibaki amepiga magoti, mikono wazi. Roho ilimuuma vibaya sana. Fundi, aliyeona yote kutoka mlangoni, alijaribu kumtania, "Mheshimiwa, wewe mtoto humbembelezi, unamsomea mashtaka." Kisha akaona machozi yanavyomlengalenga mkewe, akajuta, akarudi karakanani akiwa amekamata kofia yake mkononi.

Mama mkwe alimlaza mtoto, akarudi akaketi karibu na mkwewe pale pale sakafuni, na kwa magoti yake yale kuketi sakafuni haikuwa kazi ndogo.

"Mwanangu, wewe unajua kwamba unaongea usingizini?"

"Mimi?"

"Wewe. Mchana, mkilala na mtoto. Tangu akiwa wa wiki chache. Nilidhani unajua, nikasema si yangu, ninyamaze. Sielewi hata neno moja, lakini mimi husimama hapo mlangoni nikasikiliza, maana sauti yenyewe si hii yako ya kila siku. Ni sauti ya kitoto. Na huyu mwenzio huamka, akakaa kitako, akakutazama mdomo mpaka umalize. Halii, hachezi."

"Mama, unanitania."

"Nikutanie kwa faida gani? Nenda kalale."

Kalale! Kama vile usingizi huagizwa. Mkalimani alijilaza kando ya mtoto, akafumba macho, akajisikiliza kama anavyowasikiliza mashahidi. Wapi. Aliisikia cherehani, akasikia bomba la jikoni likidondosha matone, akasikia pumzi ya Kijino ikipanda na kushuka. Alijaribu kukumbuka neno moja la lugha ya kwao, moja tu, la maji au la moto, akajikuta anaogopa. Katika lugha ile alikuwa mtoto. Alikuwa hajasoma, hajaolewa, hajui chochote zaidi ya uani kwao. Ndiyo maana aliifungia. Angempa vipi mwanawe lugha ambayo ndani yake yeye mwenyewe alikuwa hajakua? Rangi ile ya chai ikazidi kuwa nzito, ikamfunika miguu, ikampanda kifuani, na hakujua ni saa ngapi alipoacha kuisikia cherehani.

Alikuwa akitembea kwenye njia ndefu isiyo na vumbi wala upepo. Mbele yake alikwenda mwanamke mwenye kapu kichwani, kisigino kimoja kimepasuka, na mkalimani alikijua kisigino kile kuliko alivyoujua mkono wake. Alikimbia. Miguu ilikuwa mifupi. Alimwita kwa neno lile, lile alilokuwa akilia nalo kila jioni akiachwa nyuma, akivuta mwisho wake kwa wimbo wa mtoto anayekimbia. Mwanamke hakugeuka. Akaita tena. Kapu likaendelea kwenda, likiyumba kidogo, wala halikuwa na haraka. Akaita tena kwa nguvu zote, na hapo akasikia anaitikiwa na mwangwi, neno lile lile, wimbo ule ule, lakini kwa sauti nyembamba, na karibu mno.

Akafumbua macho.

Kijino alikuwa amekaa kitako karibu na kichwa chake, nywele zimesimama upande mmoja. Kiganja chake kidogo kilikuwa juu ya midomo ya mama yake, vidole vikiichungulia kama vile maneno yamewekwa humo ndani. Alikuwa anamtazama usoni. Usoni, jamani, machoni kabisa. Kisha akalisema tena.

Mama, alisema, kwa lugha ya yule mwanamke mwenye kapu. Alilisema sawasawa, na mwisho wake akauvuta.

Mkalimani aligeuza shingo kutazama nyuma yake. Nyuma kulikuwa na ukuta. Neno lile miaka yote lilikuwa lake yeye kuita. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku litakuja kwake. Mdomo, ule mdomo uliowasemea wezi na mahakimu na wajane bila kukwama, ulikwama. Aitikie nini? Lugha ya ofisini ilikuwa na majibu chungu nzima, yote yamejipanga mstari, na hata moja halikufaa. Mtoto akasubiri. Midomo yake ilianza kupinda kidogo, kama anayejiandaa kulia.

Ndipo mkalimani akaitika. Hakulitafuta jibu, lilitoka lenyewe, fupi, la lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu aliyetua kapu chini akageuka: Nipo. Njoo.

Kijino akacheka, akajitupa kifuani kwake mzima mzima, mate na nywele na jasho la usingizi. Mkalimani akamkumbatia, akalia wazi wazi bila kuona haya, na mama mkwe aliyekuwa mlangoni akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaondoka kwa kunyata ili asije akaitwa yeye.

Mtoto akainua kichwa. Hakuwa na shida yoyote, hakutaka maji, hakutaka kitabu. Aliita tu ili asikie. Mama yake akaitika. Akaita tena, na mama yake akaitika tena, na mchana ule uliobaki hawakufanya kazi nyingine.