Kompyuta ya Marlène Iliyokataa Kuwaka

Marlène alikaza skrubu ya mwisho Jumatano saa nne asubuhi, na dakika mbili baadaye akajua kuwa mambo yamekwenda kombo.

Alibonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ndogo ya kijani ikawaka ndani, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha vyote vikazima. Kabla hajaondoa kidole vikawaka vyenyewe, vikazima tena. Waka, zima. Waka, zima, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. Kioo kilibaki cheusi tii. Akachomoa waya ukutani na kukaa kitini, mikono mapajani.

Marlène alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na katika mtaa wao mjini Likasi zilikuwa chache nyumba mpya ambazo hazikupita kwanza mikononi mwake. Alianza na penseli na rula, akaja kupata kompyuta ndogo ya kubeba, nayo ikamfia mwezi wa pili. Ndipo alipokata shauri kuunda yake mwenyewe, yenye nguvu ya kuhimili michoro mizito. Vipande vilimfikia kimoja kimoja kutoka Lubumbashi kwa muda wa miezi saba, vingine vimeviringishwa ndani ya nguo ili visivunjike njiani. Walimwengu walimshauri ampelekee fundi. Aliwajibu jibu moja tu, kwamba atakayeitumia ndiye atakayeiunda: "Minye njo nitaitumikia, minye njo nitaifunga."

Na sasa kina mama wa Kakontwe, wale wa kule kwenye machimbo ya chokaa, walikuwa wanangoja ramani ya nyumba ya kuzalia. Kiwanja walikuwa nacho, matofali walikwisha kuyachoma. Marlène aliwaahidi kuwapelekea ramani Jumamosi.

"Inakataa?" sauti iliuliza nyuma yake.

Alikuwa baba yake, amesimama mlangoni, bega limeegemea kizingiti. Papa Gracien alikuwa fundi wa mota katika kiwanda cha shaba kwa miaka thelathini na mmoja. Zamani zake aliweza kusikiliza mota ikizunguka akakuambia ni beringi gani inayokaribia kufa. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, na tangu hapo mkono ule ukawa unamtii siku moja na kumgomea siku mbili. Nyumbani walimpenda, na kwa kumpenda wakamgeuza mtu wa kuketishwa. Akigusa ndoo, anapokonywa. Akishika ufagio, anaambiwa apumzike. Aliyemwambia hivyo mara nyingi kuliko wote ni Marlène mwenyewe.

"Inakataa, Papa. Lakini mukae tu. Nitaangalia."

Mzee akajikokota hadi kwenye kiti cha pembeni, akakaa.

Marlène akaanza na umeme, maana umeme wa mtaani una vituko vyake. Alihamisha waya kwenye tundu jingine, kisha akaupitishia kwenye kile kisanduku cha betri kinachotuliza umeme unapoyumba. Waka, zima. Akafungua ubavu wa kasha, akabonyeza kila waya kwa kidole gumba, akachomoa ule mnene unaolisha kichwa cha mashine, yaani prosesa, na kuurudisha. Waka, zima. Akaitoa kadi ya picha. Akatoa kijiti kimoja cha kumbukumbu, akarudisha, akatoa cha pili. Kila mara alijisemea, hii ndiyo yenyewe, na kila mara feni zilimjibu vilevile. Bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo aliyoletewa mchana ikapoa mezani, ikafanya ngozi juu.

Mwishowe alimpigia simu Cédrick, kijana anayetengeneza kompyuta karibu na soko, akaiweka simu mezani ili sauti isikike.

"Mama Marlène, kama inafanya vile, carte mère ilisha kuungua," Cédrick alisema, bila ubaya wowote. "Kufunga hii bintu ni kazi, mama. Ulete, lakini utafute ingine kabisa."

Aliposhukuru na kukata simu, Marlène aliutazama ule ubao mkuu, hiyo carte mère, kipande alichokingoja kuliko vyote. Machozi yakamjia. Miezi saba, halafu auchome kwa dakika mbili!

"Marlène," baba yake aliita.

"Mukae tu, Papa."

"Minye nilishaka kukaa. Sikia kwanza." Akikumbuka siku zake za kiwandani, alisema taratibu, maana ulimi nao ulikuwa haujapona sawasawa. "Ku usine, moteur ikikataa, hatukukuwa tunasema mbio-mbio: iliungua. Tulikuwa tunaitoa ku mashini yake, tunaitia chini, yeye moya, tunaipatia courant. Kama inazunguka yeye moya, basi ugonjwa haiko ndani ya moteur. Iko mu mashini. Sasa hii yako, uliijaribu yeye moya?"

Marlène akapangusa macho. Alikuwa amejaribu kila kipande, lakini vyote vikiwa ndani ya kasha. Kuutoa ubao nje na kuuwasha peke yake hakukumpitia akilini hata mara moja.

"Bado, Papa."

"Basi itoe."

Wakautoa. Marlène alifungua skrubu, akainua ubao kwa vidole kumi kama mtu anayemtoa mtoto majini, akaulaza juu ya katoni lililokuja nalo. Aliubakizia yale ya lazima tu: kichwa na feni yake, kijiti kimoja cha kumbukumbu, waya za umeme. Kwa kuwa kitufe kilibaki kwenye kasha, alitafuta zile pini mbili ndogo za kuwashia, akazigusa pamoja kwa ncha ya bisibisi. Papa Gracien alishikilia katoni kwa mkono wa kulia, uso karibu.

Feni ikazunguka. Marlène akabana pumzi. Ikaendelea kuzunguka. Akahesabu hadi ishirini, hadi hamsini, nayo inazunguka tu.

Mzee akainamisha sikio. "Haikuungua," akasema. "Iko muzima kabisa. Mugonjwa ni ile kabati."

Wote wawili wakaligeukia kasha tupu. Ndani yake, kwenye bati, vilisimama vijiguu vya shaba njano, vifupi kama punje za mahindi, vinavyouinua ubao usigusane na chuma. Marlène akavihesabu. Tisa. Akahesabu matundu ya ubao wake, ambao ulikuwa wa aina ndogo. Manane. Kijiguu cha tisa kilisimama peke yake mahali ambapo ubao hauna tundu, na alipougeuza ubao aliona mkwaruzo mahali palepale. Kila alipowasha, umeme ulikuwa ukipita pale na kukimbilia kwenye bati, na mashine ikajizima isije ikaungua.

Lakini Jumanne alikuwa amefunga vijiguu vinane. Alikumbuka vizuri, maana alivihesabu kwa sauti na kukiacha cha tisa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kisha akaenda kuteka maji. Aliporudi, baba yake alikuwa amekaa pembeni mwa meza.

Akaelewa. Akainua macho, akaona kwamba mzee naye anakitazama kile kijiguu.

"Ni minye nilihesabu mubaya," Marlène akasema haraka.

"Hapana." Papa Gracien akatikisa kichwa. "Ile ni minye. Niliona tundu moya iko wazi, na ile kintu iko mu sachet. Nikasema, Marlène alisahau. Nikaitia." Akainua mkono wake wa kushoto kidogo kutoka gotini. "Na hii. Nilitaka kuona kama ingali inajua kazi. Ilinikamata karibu saa moya."

Hasira ya kutwa nzima ilikuwa bado kifuani mwa Marlène, na juu yake ikaja picha ya baba yake akihangaika na kitu kidogo kama punje, kinamponyoka, anakiokota, anaanza upya, nyumba nzima ikiwa haina habari.

"Lakini Papa, mungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungeniambia, 'Mukae tu.'"

Neno hilo lilimwingia. Ndivyo ambavyo angesema. Akaingiza mkono ndani ya kasha akifungue kile kijiguu. Kiligoma. Akajaribu kwa vidole viwili, akajaribu kwa kitambaa.

"Papa, mulikaza hii na mukono wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Haitoki! Munipe pinsi."

Mzee akacheka, upande mmoja wa uso ukitangulia na mwingine ukifuata. Marlène naye akashindwa kujizuia. Alikitoa kwa koleo, huku akicheka na kupenga kamasi.

Walipourudisha ubao ndani, alimpa baba yake bisibisi. Skrubu zilikuwa nane. Zilichukua muda mrefu, na mbili zilianguka zikatafutwa chini ya meza. Marlène alishika taa na kufunga mdomo wake, na hilo halikuwa rahisi.

Walipowasha, feni zilizunguka zisikome, lakini mashine ikaanza kulia, mlio mmoja mrefu baada ya mwingine. Papa Gracien akashtuka. "Hii hapana minye!"

"Hapana, hii ni yangu." Alikuwa amerudisha kijiti cha pili cha kumbukumbu bila kukisukuma hadi mwisho. Akazima, akakibonyeza mpaka kikalia *tak*, akawasha tena. Maandishi meupe yakajitokeza kwenye kioo. Akaita nyumba nzima ije kuona, ingawa hapakuwa na la kuonekana zaidi ya mistari mitatu isiyoeleweka.

Alichora Alhamisi na Ijumaa kutwa. Jumamosi alipanda taksi hadi Kakontwe, akaitandaza ramani juu ya rundo la matofali, na kina mama wakaizunguka. Mama Mado, kiongozi wao, aliifuata kwa kidole chumba kwa chumba, akafika kwenye mlango wa chumba cha kuzalia, akasimama hapo.

"Mulango hii iko kidogo, Mama Marlène. Muntu anabebwa na bantu babili, mumoya huku, mumoya kule. Batapita wapi?"

Marlène akautazama mlango, akaona kweli. Akakubali kosa, akaahidi kurudi.

Jumapili baada ya misa alikaa tena mbele ya kompyuta, na bila kuambiwa neno baba yake akasogeza kiti karibu.

"Papa," akamwuliza, "bale babebaji ba ku usine, kama muntu aliumia, mulango ilikuwa namna gani?"

Mzee akafumba macho, akapima hewani kwa mikono yote miwili, ule wa kushoto ukiwa chini kidogo ya mwenzake. "Hivi," akasema. Marlène akachukua futi, akapima kati ya viganja vyake, kisha akaandika namba.