Rangi ya Kucha Kwenye Gari la Mjomba

Mjomba alipotukabidhi funguo za gari lake alinikataza kushukuru. "Macho yangu siku hizi hayaoni kibao cha barabarani mpaka nikigonge," alisema. "Afadhali likampeleke Chiriku shule kuliko kukaa hapa uani kunisikitikia."

Chiriku ni binti yangu, ana miaka minne. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu hachoki kuongea, ila anaongea kwa mikono. Masikio yake hushika vishindo vikubwa tu, na vile vifaa viwili vya kusikia anavyovaa vinamsaidia kidogo sana. Shule inayofundisha watoto kama yeye iko upande wa pili wa mji. Tulisubiri nafasi mpaka nikaanza kuiota, na hatimaye tuliipata: Jumatatu awe darasani.

Gari lilikuwepo na leseni ninayo. Ilibaki bima, na hapo ndipo mimi na baba Chiriku tulipotaka kununiana.

"Bima ndogo inatosha kisheria," nilimwambia.

"Bima ndogo inamlipia utakayemgonga. Hili la kwetu likipondeka nani atalitengeneza? Hatuwezi kununua jingine, mama. Gari likifa, na shule imekufa."

"Na nani atalikatia bima kubwa gari hili? Hili ndilo lililonipeleka mimi kuchanjwa nikiwa mchanga."

"Kaulize. Wewe si ndiye msomi wa jioni?"

Hilo ndilo jina lake la kunitania tangu nimalize yale masomo ya jioni ya kutunza hesabu. Nikaenda kuuliza.

Ofisi ya kwanza waliniuliza gari ni la mwaka gani, nikawatajia, wakatabasamu vile unavyomtabasamia mtoto anayekwambia ataoa mwezi. Ya pili hawakutabasamu hata. "Dada, hilo tunalikatia bima ndogo tu," akasema kijana mmoja, macho kwenye simu yake.

Ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mama wa mapokezi, miwani imening'inia kifuani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi umri hautusumbui sana," alisema. "Tunaangalia hali ya gari. Mkaguzi wetu atakuja kwako kesho asubuhi. Akilikubali, bima kubwa. Akilikataa, chukua ndogo uende zako kwa amani."

Ningeaga hapo, lakini mdomo wangu haujui kukaa na swali. "Na nisipopata ajali mwaka mzima, hela zangu zinakwenda wapi?"

Hakukasirika. Aliinuka, akanishika mkono kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba, akanipeleka dirishani. Chini yetu kulikuwa na makutano ya barabara, magari yamebanana pande zote, honi juu ya honi.

"Unamwona yule wa gari jekundu? Mimi simjui. Lakini asubuhi hii kuna mtu kagongewa gari, yuko gereji anakuna kichwa. Anayemtengenezea ni yule wa gari jekundu, na yule mwenye kilori cha magodoro, na wewe ukiingia. Hamjuani, wala hamtajuana."

"Na wao wanajua?"

"Wanajua wamelipa bima. Hayo mengine nani ana nafasi ya kuyafikiria?"

Mimi nilikuwa nayo. Nilisimama pale dirishani mpaka akarudi kwenye meza yake kuhudumia mwingine. Kwenye yale masomo ya jioni bima tuliiandika upande wa matumizi, pamoja na umeme na maji, tukapiga mstari tukaenda nyumbani. Hakuna aliyetufungulia dirisha. Madereva wale chini walikuwa wakitoleana macho, mmoja amechomoa mkono nje akimtusi mwenzake kwa vidole, na kumbe wamebebana. Nilitamani kumwambia mtu, lakini ungeanzaje?

Kufika nyumbani hofu ikanirudia. Nililiosha gari, na kila nilipopitisha kitambaa nikakuta kovu. Bampa lilikuwa limekwaruzwa, mlango umechubuka, na ubavuni kuna mahali palipobonyea kama shavu la mtu asiye na meno. Nani angelikubali? Hapo nikakumbuka ile chupa ya rangi ya kucha niliyopakwa kwenye harusi ya mdogo wangu. Ilikuwa ya kijani, na sikuthubutu kuipaka tena. Nikaileta karibu na mlango. Ilikuwa kijani kile kile cha gari, utadhani vimezaliwa pamoja.

Nilipaka kovu moja, nikapaka la pili. Chiriku akadai brashi, akapaka kidogo kwenye bampa, kisha akajipaka kidole gumba chake.

Baba Chiriku akatokea mlangoni. "Bibi harusi ni gari?"

"Nyamaza. Nataka lipendeze."

Asubuhi nilimvalisha Chiriku kofia yake ya sufu, ile inayofunika masikio. Humvalisha kila tunapotembelewa, maana nimechoka na watu wanaoangalia vile vifaa kabla hawajamwangalia machoni.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye ovaroli na tochi shingoni, na alituambia tumwite Tochi tu, kazini wote wanamwita hivyo. Alitandika boksi akaingia chini ya gari, akatoka, akakagua matairi. Kisha akaanza kulipapasa pembeni taratibu, macho ameyafumba. Kidole chake kilipofika kwenye bampa kikasimama. Akakwangua kidogo kwa ukucha. Akanusa.

"Mdogo wangu," alisema, "hii rangi ni ya gereji gani?"

Chiriku, aliyekuwa akimfuata hatua kwa hatua, akamwinulia kidole gumba cha kijani, uso umejaa fahari ya fundi. Baba Chiriku akakohoa akaingia ndani, na nilisikia kicheko chake tangu sebuleni.

Tochi alicheka mpaka akaketi kwenye bampa lenyewe. Mimi sikucheka. Niliiona shule ikiondoka.

"Haya, sikiliza," alisema akijifuta machozi. "Sikuja kutafuta gari zuri, nimekuja kuliona lilivyo. Nikiandika halina kovu, halafu kesho ugongwe hapa hapa, wenzangu watakuta jeraha la zamani chini ya rangi. Watasema umetudanganya, na hulipwi. Lakini kovu ulilonionyesha leo, hakuna atakayekusumbua nalo tena."

"Kwa hiyo umelikataa?"

"Nimesema hivyo? Lete dawa ya kutolea rangi, na pamba nyingi. Shemeji, toka huko ndani, kazi hii ni ya wote."

Tukasugua. Makovu yalirudi moja baada ya jingine, naye akayapiga picha na kuniuliza habari zake, nami nikamsimulia: hapa ni lango la Mjomba, pale ni baiskeli ya jirani. Aliitikia kama mtu anayesikiliza habari za ukoo.

"Sasa washa."

Niliwasha, nikashuka. Tochi aliweka kiganja juu ya boneti, akatulia. "Masikio yananidanganya na kelele za barabara hii," alisema. "Mkono haunidanganyi."

Chiriku naye akaweka kiganja chake kando ya kile kikubwa. Mara uso wake ukabadilika. Alivua kofia akaitupa chini, akalaza shavu juu ya boneti, macho wazi kabisa. Sijawahi kumwona mtoto wangu ametulia vile. Alikuwa akisikiliza. Sikujua jina jingine la kuliita jambo lile. Halafu akainuka, akaniambia kwa mikono.

"Anasemaje?" Tochi akauliza.

"Anasema linapumua."

Tochi hakutazama vifaa vya masikioni. Alimtazama Chiriku machoni, akasubiri kidogo, kiganja bado pale pale, kama anayehakikisha maneno ya mkaguzi mwenzake.

"Ni kweli," alisema. "Injini iko vizuri. Tunalichukua hivi hivi lilivyo."

Nilijifanya naokota pamba.

Jumatatu tukatoka, stika mpya ya bima iko kiooni, Chiriku kafungwa mkanda nyuma. Kofia tuliiacha nyumbani. Tulipofika kwenye makutano yale chini ya ofisi, woga ukanishika mguuni na gari likanizimikia katikati. Honi zikaanza. Kando yangu palisimama kilori kimejaa magodoro, dereva wake akachungulia.

"Mama, umeamka kweli au tukuletee godoro?"

Siku nyingine ningemjibu. Safari hii nilimtazama vizuri uso wake, jasho lake, mkono wake uliochoka juu ya mlango, nikaona haya kama mtu aliyekutana na mfadhili wake njiani. "Asante, kaka," nilisema.

Akachungulia zaidi, kama ambaye hakusikia vizuri. Nyuma yangu Chiriku alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo, kidole gumba bado cha kijani. Dereva akakitazama, na mkono wake ukainuka wenyewe kumpungia.

Niliwasha tena. Chiriku akashusha kiganja chake kwenye kiti kilichoanza tena kutetema, akatabasamu, nasi tukakata kona kuelekea shuleni.