Hata Mwezi Mmoja

Kitendawili!

Umesema tega? Haya. Nilioka mkate miaka ishirini, mwenyewe sikuuonja. Nilipovua nguo, kisu kikagoma kukata.

Fikiri. Usinitazame mdomoni, jibu haliko huko. Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar sitaki, Nairobi sitaki, miji hiyo ina wenyewe na kelele zao. Nipe Lawton, kule Oklahoma, mji wa askari, ambako mizinga ikilia kambini vikombe hucheza kabatini na hashtuki mtu ila mgeni. Umenipa? Ahsante. Ingia nami jikoni kwa Delphine Rucker, na uangalie unapokanyaga, sakafu ina mafuta.

Delphine alikuwa amesimama mbele ya karai, kambare waliovikwa unga wa mahindi wakichacharika kwenye mafuta. Ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa ukumbi wa askari wastaafu huuza samaki mchana kutwa. Mwanamke mnene, miaka hamsini kasoro, mikono imejaa alama za kuungua za tangu jeshini, kwa maana jeshini hakushika sana bunduki, alishika mwiko. Alilisha watu Ujerumani, akalisha watu Korea, akalisha watu Iraki mara mbili, ambako mchanga uliingia hata ndani ya yai la kuchemsha na usijue umepita wapi.

Sheria yake ilikuwa moja: wa mwisho kwenye mstari asikute trei tupu. "Sajini anayeshiba na askari wake ana njaa," alikuwa akiwaambia vijana wake wa jikoni, "huyo si sajini, ni kupe." Hata sasa, akikata mkate wa mahindi, hukadiria vichwa vilivyo ukumbini, halafu hukata mstari mmoja zaidi. Kipande cha asiyetarajiwa.

Aliyekuwa akipitisha sahani dirishani ni kitindamimba wake, Tavion, kijana wa miaka kumi na minane, shingo ndefu kama mbuni. Upande wa pili wa dirisha alisimama Mzee Wahkinney, Mkomanche, wa kabila la wenyeji wa kale wa huko, aliyepigana Vietnam, meno machache, maneno mengi.

"Huyu ndiye mhandisi?" Mzee aliuliza, akipenyeza kichwa dirishani. "Utajenga madaraja?"

"Nikijaliwa, Mzee."

"Usijenge hapa. Mto wetu Julai unakauka. Utatuvusha vumbi."

Ukumbi ukacheka. Mzee, akiona mzaha wake umepata, akaongeza. "Mimi nilisoma kwa miezi ya jeshi mwaka wa sabini na mbili. Sikumaliza, nikaoa mwalimu wangu. Ndiyo digrii yangu hiyo, na mpaka leo inanisahihisha. Wewe je? Sajini amekukatia miezi mingapi?"

Jikoni, mwiko wa Delphine ukasimama.

"Ipo, Mzee," Tavion akajibu kwa fahari. "Mama anasema ipo."

"Ee! Basi kula vizuri, mjukuu wangu. Mchanga wa Iraki huo unaokwenda kukusomesha."

Sasa bila shaka umekwisha kukitegua kitendawili. Huko Lawton watu hawasemi karo, wanasema miezi. Askari aliyetumikia, jeshi humlipia miezi thelathini na sita ya chuo kikuu. Mwenyewe asipoila, anaweza kuwakatia mume, mke au watoto, lakini awakatie akiwa bado ndani ya magwanda. Akishayavua, anaweza kuitoa kwa mtoto huyu akampa yule, ilimradi wote walitajwa siku ile. Asiyetajwa, hakuna mlango. Ndiyo maana huko, kama wengine wanavyousia watoto wavae sweta, sajini kwa sajini huusiana neno moja: mpe kila mtoto hata mwezi mmoja. Hata mwezi mmoja. Mwezi mmoja ni kuweka mguu mlangoni.

Delphine alilijua neno hilo. Alikuwa akiwaambia wengine, akiwapakulia uji.

Siku aliyokwenda ofisini kukata mkate wake, Janessa, binti yake mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mitano na cheti cha kila somo kimebandikwa kwenye friji. Tavion alikuwa na saba. Herufi zilikuwa hazimtaki. Aliandika jina lake kuanzia mkiani, herufi nyingine zikitazama ukutani kama watoto walioadhibiwa, na mwalimu wake alikuwa amemwita Delphine mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Karani aliyemhudumia, koplo mmoja mwembamba, mpole, aliandika yote kwa Janessa kama alivyoambiwa. Kisha akainua macho. Akauliza juu ya mdogo. Delphine akajibu neno moja la mzaha, wakacheka wote wawili, na karani akafunga faili.

Alitoka pale akienda kununua viazi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye: kwamba alikwenda kununua viazi, na akachagua vizuri.

Mwaka haukuisha, mama akavua magwanda. Lakini yule mtoto hakubaki alipokuwa. Jioni za shule zilimkuta jikoni kwa mama yake, na Delphine, ambaye hakujua njia za wataalamu, alimwaga unga juu ya trei akamshika kidole wakaandika pamoja. Wakikosea, wanatikisa trei, unga unasahau. T ikawa T. Akasoma magunia, akasoma makopo, akasoma maonyo ya moto ukutani. Alipofika darasa la nane alikuwa akichora madaraja pembezoni mwa kila karatasi. Na kila herufi iliyosimama sawa, mama alifurahi upande mmoja wa moyo, na upande wa pili kitu kikazama.

Kipupwe kilichopita chuo kikuu cha jimbo kilimkubali. Alikuja mbio, viatu vina theluji, akauliza, "Mama, miezi yangu si ipo?"

Na Delphine akasema, "Ipo."

Angalia neno lilivyo dogo. Wala halikuwa uongo mtupu, kwa maana Janessa aliacha masomo katikati akaenda Dallas kufanya kazi kwa daktari wa meno, na miezi yake mingi ilibaki. Ipo, ilikuwepo. Lakini ilikuwepo kama chakula kilicho ndani ya ghala ambalo ufunguo umetumbukia kisimani. Tangu siku hiyo kila Tavion alipotaka kuuliza zaidi, mama alisukuma sahani. "Kula kwanza."

Leo hapakuwa na kula kwanza. Chuo kimoja kidogo cha Tulsa kilikuwa kimemwona Tavion akikimbia, kikasema kitamsomesha bure, ada na kitanda, akikikimbilia mashindanoni. Hakina madaraja makubwa, lakini kina hesabu nzuri. Kilitaka jibu leo, kabla ya ofisi kufungwa saa kumi na moja. Naye asubuhi, akifunga kamba za viatu, alisema kwa upole wake, "Nitawapigia nikimaliza kazi niwakatalie. Wampe mtu asiye na mama askari."

Alipotoka tu Delphine alimpigia Janessa, unga ukiwa bado vidoleni.

"Miezi yangu ichukue yote, Mama, umpe Tavion," Janessa alisema. "Mimi sirudi, unajua."

"Kuichukua naweza. Kumpa yeye siwezi. Hakutajwa."

"Kwa nini hakutajwa?"

Delphine akatazama unga.

"Basi," Janessa akasema, "mwambie jeshi limebadilisha sheria. Nani atabisha? Jeshi kila mwezi lina sheria mpya. Mwambie, akubali Tulsa, yaishe. Wewe usijitie msalabani kwa kitu cha zamani, Mama, tafadhali."

Uongo huo ulikuwa mzuri. Ulikuwa tayari, umeiva, hauna mfupa. Mchana wote Delphine aliubeba ulimini kama punje ya sukari, akingoja nafasi ya kuutoa. Kisha akina Mzee wakaanza kumpongeza kijana, mmoja akampiga bega, mwingine akamwita profesa, na kila pongezi ilipoingia jikoni kupitia dirishani ilimkuta mama pale pale kwenye karai. Aliunguza samaki wawili. Miaka ishirini hajaunguza samaki. Akawatupa haraka asionekane.

Saa kumi ukumbi ulianza kupungua. Tavion alifuta meza, akaingia jikoni, akavua aproni. Akatoa simu mfukoni.

"Nitoke nje nipige? Humu feni inanguruma."

"Usipige," Delphine alisema.

"Wanafunga saa kumi na moja, Mama."

"Wapigie uwaambie unakuja. Usiwakatalie watu wa Tulsa."

Tavion akacheka, akidhani ni utani, akamtazama, akaacha kucheka. "Si tulishaongea? Miezi si ipo?"

"Ipo."

"Ee."

"Ni ya Janessa."

"Najua ilikuwa ya Janessa. Si unaihamisha tu? Baba yake Colton, yule ninayesoma naye, alimhamishia ya dada yake, hata chai haikupoa..."

Alikuwa mtoto wa Lawton. Alizaliwa karibu na uzio wa kambi, sheria hizi alizisikia kabla ya hadithi za sungura. Delphine aliiona hesabu ikimpanda usoni taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye nguo iliyochovywa pindo.

"Hata mwezi mmoja?" akauliza.

Delphine akatikisa kichwa.

Kijana akakaa juu ya ndoo ya mafuta iliyogeuzwa. Akageuza simu, skrini chini. Akatazama viatu vyake vya kukimbilia.

"Na ningepiga," alisema polepole, "ningewakatalia. Halafu?"

"Halafu ungebaki huna huku wala huku."

"Halafu ningekwenda kwa wale wanaoandikisha askari, pale jirani na duka la viatu."

"Ndiyo. Ungekwenda kuioka yako."

Ndilo lililokuwa likimwamsha mama usiku, si chuo. Alijua mchanga ule unaingia wapi.

Kambini mizinga ikalia. Masufuria yakagongana kwenye misumari, kijiko kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Tavion alikuwa amevuta trei iliyokuwa juu ya meza, ile ya kuvikia samaki, na kidole chake kilikuwa kikienda juu ya unga, bila yeye kukiangalia, kama zamani.

"Ulisahau," akasema. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, ingekuwa rahisi. "Ulikuwa umerudi juzi tu kutoka Iraki. Hukuwa unalala, nakumbuka, ulikuwa unazunguka nyumba usiku ukijaribu vitasa. Mtu yeyote angesahau. Ulisahau, sivyo, Mama?"

Huu hapa. Hata Janessa hakumpa uongo mzuri kama huu. Huu aliletewa na mwenye haki mwenyewe, kwenye sahani safi, akisihiwa aule. Delphine akafumbua mdomo.

"Sajini!" Kichwa cha Mzee Wahkinney kilichomoza dirishani, kofia mkononi. "Mkate umebaki? Nilisinzia kwenye kiti, hawa mahasidi hawakuniamsha."

Delphine akageuka. Akafunua kikaango cha chuma. Katika ule mstari wa ziada kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Akakitia kwenye karatasi, akaongeza siagi, akampa.

"Trei yako haiishi, mama wewe," Mzee akasema. "Nimekula kwenye majeshi mengi. Wewe peke yako hujawahi kumsahau mtu wa mwisho."

"Nenda nyumbani, Mzee. Mwalimu wako anakungoja."

"Ataniandikia makosa." Akacheka, akaondoka, fimbo yake ikigonga sakafu hadi mlangoni, mlango ukajifunga.

Kikaango kilikuwa kitupu sasa. Delphine alikishika kwa mikono miwili ingawa hapakuwa tena na haja ya kukishika. Nyuma yake kijana hakuwa amesogea. Swali lake lilikuwa bado limekaa pale, na saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika kumi na moja, na simu ilikuwa bado imelala kifudifudi.

Akageuka. Akaona trei. Juu ya unga palikuwa na jina, limeandikwa kubwa, herufi zote sita zimesimama sawa, zinamtazama.

"Sikusahau," akasema. "Karani alikutaja. Akaniuliza jina lako linaandikwaje. Nikamwambia, hata mwenyewe hajui."