Mimba Zilizofuata Shayiri

Kila asubuhi, baridi ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye mabati, Hadda alipima shayiri kwa kopo la nyanya. Makopo manane kwa kila kondoo dume, na madume walikuwa sita, wamefungwa bandani upande usio na upepo, wananenepeshwa kwa ajili ya Idi Kubwa. Majike thelathini na mmoja, wote wenye mimba ya miezi mitatu na ushei, walitupiwa mabua ya ngano, kisha wakatolewa kwenda kuchokoachokoa nyasi za halfa huko tambarare. Ndivyo mama mkwe wa Hadda alivyowalisha, na mama mkwe wa mama mkwe wake.

Si kwamba Hadda alikuwa mchoyo. Kusini mwa Jelfa, huku Aljeria, kila mtu anajua kwamba jike mwenye mimba akishiba, mwana hukua kupita kiasi, akakwama njiani akizaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo Yamna, mke wa mwanawe, aliyekuwa na ujauzito wa miezi saba, hakuwa ameonja nyama tangu mwezi wa tano wa mimba. Alikuwa akila baada ya Lazhar, mumewe, kuinuka: kuskusi iliyobaki, mchuzi na karoti. Fungu la nyama la Yamna aliwekewa Lazhar, maana nyama ikishapikwa hairudi kwa kondoo.

Jumanne moja alikuja Tarek, daktari wa mifugo, na mashine yake ndogo ya kupiga picha ya tumbo. Yamna aliwashika majike vichwa, Tarek akawapaka mafuta ubavuni na kutazama kioo.

"Tupu," alisema Tarek. Akahamia kwa mwingine. "Tupu."

Kumi na wawili walikuwa tupu, na mwezi uliopita yeye mwenyewe aliwapima, akawakuta na mimba. Waliobaki walikuwa na mimba, ila wana wao walikuwa wadogo kuliko siku zao. Tarek alipokuwa anakunja waya, Hadda akamwomba amtazame na dume mkubwa kule bandani, maana tumbo limemjaa na analala kwa ubavu mmoja tu.

Tarek akampaka mafuta, akatazama kioo muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Mapacha," alisema. "Siku mia na kumi hivi."

"Huyo ni dume," alisema Hadda.

"Naona."

"Sasa kapata wapi?"

"Mama, mimi napima tu. Huyu mnamlisha nini?"

"Shayiri."

"Na majike?"

Hadda akaonyesha mabua. Tarek akaandika kwenye daftari lake. Safu ya dume mwenye mimba haikuwepo, ikabidi aandike pembeni. Kisha akaeleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza jambo hilo hilo tangu asubuhi: mwana wa kondoo hupata sehemu kubwa ya uzito wake wiki sita za mwisho, na mama asipokula vizuri katika wiki hizo, huanza kujila mwenyewe, mpaka akaanguka. Wana hawa hawakusubiri mama zao waanguke. Walifuata chakula kilipo.

"Kila jike apate nusu kilo ya shayiri kwa siku," alisema. "Watarudi wenyewe."

"Halafu wakwame?"

"Hawakwami kwa mama kula chakula cha kiasi, Mama. Wengi hukwama kwa mama kukosa nguvu ya kusukuma."

Hadda akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni ambaye chai yake imekwisha. Kesho yake asubuhi alimpimia dume mkubwa makopo kumi badala ya manane.

"Mama," alisema Yamna, "si mwenye mimba hapewi shayiri?"

"Huyo ni dume," alisema Hadda.

Yamna alijaribu kulifikiria jawabu hilo alipokuwa akikanda unga. Kila alipolishika upande mmoja, lilimponyoka upande wa pili.

Siku ya Alhamisi aliamka na tumbo bapa. Hakukuwa na maumivu wala tone la damu. Kanga aliyojifunga kiunoni ilidondoka miguuni. Aliinua godoro, akatazama nyuma ya mlango na ndani ya kapu la nguo chafu, huku akijua fika kwamba anafanya upuuzi. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakujua angeanzaje kulisema.

Lazhar alirudi kutoka mnada wa kondoo adhuhuri, mkanda wa suruali ukiwa mkononi. Akaketi taratibu, miguu ameipanua.

"Yamna," alisema, "kuna kitu kinanipiga mateke."

Yamna akaweka kiganja juu ya tumbo la mumewe na kutamka neno lolote lililomjia, nalo lilikuwa "chumvi." Mtoto akapiga teke mara mbili, kama alivyozoea kila akisikia sauti ya mama yake. Yamna alifurahi kwamba amepatikana. Hapo hapo aliona ameibiwa. Furaha na wivu vilikaa kifuani mwake bila kusukumana, naye hakujua kipi akipe nafasi.

Hadda alipoambiwa alishika kidevu, akafikiri kidogo, kisha akaenda kuchinja kuku.

Yamna hakukata tamaa. Alimchagua jike mmoja mwenye doa jeusi puani, miongoni mwa wale tupu. Kila alasiri Hadda akienda kwa jirani, alimfichia shayiri chini ya mabua, kidogo kidogo ili tumbo lake lisivurugike, akimwongezea kila siku. Siku ya kumi jike yule alirudi kutoka malishoni ameumuka ubavu wa kulia. Bandani, dume mmoja alikuwa amekonda ghafla na anacheua.

Basi dawa ilikuwa ni hiyo tu. Jioni, Lazhar akiwa mezani, Yamna akamwambia.

"Nikila, atarudi kwangu."

"Kula basi," alisema Lazhar. "Nani kakukataza?"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akachukua kipande cha pili cha nyama, kwa kuwa kilikuwa mbele yake, akamuuliza mama yake kama mchuzi upo zaidi. Alipoinuka, Yamna alikuta karoti mbili.

Kesho yake Yamna aliingia banda la kuku, akachukua mayai matatu, akayachemsha kwenye birika la kahawa na kuyala akiwa amesimama. Kabla ya alasiri mtoto alikuwa kwake. Alihisi uzito ukishuka mahali pake, mgongo ukauma ule uchungu aliouzoea, naye akaketi sakafuni jikoni, mikono ameikumbatisha tumboni. Hakutaka kusogea hata inchi. Alimwambia mtoto kuwa kesho atatafuta mayai mengine.

Lazhar akaingia, ameshika shati lililolegea, uso umempauka.

"Mama, hayupo!"

Hadda alikuwa nyuma yake na kikapu cha mayai. Alitazama maganda jikoni, akamtazama Yamna, wala hakuonekana kukasirika.

"Binti yangu, unataka akwame?"

"Daktari alisema—"

"Daktari kazika wangapi? Mimi nimezika wawili. Wawili, Yamna, wakubwa, wazuri, wamekwama hapa." Akajigusa kiunoni. "Nilikuwa nakula kama wewe leo."

Machozi yaliyomtoka Hadda yalikuwa ya kweli, na Yamna alimwonea huruma. Alimtazama mama mkwe wake anayelia kwa mapenzi, akayakumbuka maneno ya Tarek, akamkumbuka jike mwenye doa puani, na kichwa chake hakikuweza kuwapanga watatu hao mahali pamoja. Alichojua ni kwamba ana njaa.

Banda la kuku likatiwa kufuli. Jumapili mtoto alirudi kwa Lazhar, akabaki huko.

Habari zilipoenea, wanawake wa jirani walikuja na samli, tende na mapaja ya kondoo. Walimgusa Lazhar tumbo, wakabishana kama ni wa kike au wa kiume, mmoja akamtania kwamba sasa atajua kwa nini wenye mimba huchelewa kuinuka. Kwenye zahanati, mkunga alifuta jina moja kwenye kadi ya kliniki na kuandika jingine juu yake. Hadda alimpakulia mwanawe sahani ya tatu.

"Kula, mwanangu. Mko wawili."

"Yeye hatakwama?" Yamna aliuliza.

"Mwanamume ana nguvu," alisema Hadda.

Madume walizaa kwanza, wana wakubwa wenye manyoya mazito, na hakuna hata mmoja aliyekwama. Kwa kuwa madume hawakuwa na maziwa, wana walipelekwa kwa majike. Majike waliwanusa, wakawapokea na kuwanyonyesha, mbavu zao zikihesabika kwa mbali. Tarek alipopita aliona hali ile, akashauri tena shayiri. Hadda akamwambia sasa ya nini, nao wameshazaliwa.

Lazhar alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa majira ya kuchipua kwa nyasi, kilo tatu na nusu. Walimweka mtoto kifuani mwa Lazhar, akatafuta titi, asipate kitu, akalia mpaka akawa mwekundu. Hapo ndipo wakamkumbuka Yamna. Alipompokea tu maziwa yalianza kutoka, yakalowesha gauni. Kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi hakuwa na swali lolote kichwani.

Hadda alipika tamina, unga wa chenga uliokaangwa mpaka ukawa wa kahawia, ukachanganywa na samli na asali. Hiyo huliwa na mzazi siku saba, imrudishie nguvu. Bakuli likatoka jikoni likifuka mvuke, likapita mbele ya Yamna na kuwekwa mapajani mwa Lazhar, aliyelala ameegemea mito minne.

"Mama," alisema Yamna, "nami nipe kidogo."

Hadda akamtazama kwa huruma, akamtengenezea ushungi begani kwa upole.

"Binti yangu," alisema, "hii ni ya aliyezaa."

Mtoto alikuwa amemaliza titi la kulia na ameanza kulia tena, Yamna akamhamishia la kushoto.