Pampu ya Akiba

Watu wa Garissa walimcheka Duale siku aliyoshusha tangi la samaki kutoka kwenye lori la mbuzi. Msomali na samaki, wapi na wapi! Mtu aliyeishi kwa kuuza ng'ombe, asiyewahi kuonja hata mkia wa samaki, akaweka sebuleni kioo kirefu kama kitanda, na ndani yake samaki wa buluu na wa manjano, wasioliwa wala wasiokamuliwa. "Waache wacheke," akamwambia mkewe, Timiro. "Nikitoka sokoni na kelele zile, nataka kutazama kitu kinachotembea bila kulia."

Kisha kiharusi kikamwangusha. Ulimi ukafa, mkono na mguu vikafa, akabaki kulazwa sebuleni mbele ya kile kioo. Macho tu ndiyo yaliyosalia, nayo hayakumtazama mtu. Hayakumtazama Timiro, aliyemlisha na kumwogesha. Yalifuata samaki. Yule mkubwa wa buluu akienda kushoto, macho yanakwenda kushoto. Akirudi, nayo yanarudi. Timiro alikuwa akiketi kando akiyatazama macho yale yakitembea, akijiambia kwamba mumewe bado yumo. Hilo ndilo alilobaki nalo, hakuwa na jingine.

Sasa, samaki wa Garissa ana maadui wawili, joto na stima. Maji yakipata moto hewa huyakimbia, na kinachoirudisha ni pampu iliyo kwenye tangi dogo lililo chini ya lile la samaki, inayoyapandisha maji juu mchana kutwa. Stima ikikatika, nayo huku hukatika inapojisikia, pampu inanyamaza. Ndiyo maana Timiro aliagiza pampu ya pili, ya betri ya sola, kutoka kwa Alio, yule aliyemuuzia Duale samaki kule Nairobi. Alio alimweleza kwa simu vizuri kabisa.

"Mama, ziendeshe zote mbili pamoja. Ukiiacha moja imelala ndani ya maji yenu ya kisima, chokaa itaikaba. Siku ukiihitaji haitaamka."

Timiro akaziendesha zote mbili. Halafu Mzee Bishar, kaka mkubwa wa Duale, akaja kutoka Griftu kukaa na mgonjwa. Aliposikia milio miwili chini ya tangi akauliza, na alipoelezwa akashika kichwa.

"Astaghfirullahi! Shemeji, unanywa maji ya akiba na huku mvua inanyesha?"

Kwao, alisema, kuna kisima kinachofungwa kwa miiba mvua zikianza. Ukikutwa na mifugo yako hapo kabla ya kiangazi, wazee wanakuchinjia dume lako na hakuna wa kukuonea huruma. Kisima hicho ndicho kilichookoa ngamia wa baba yao. "Akiba haiozi," akasema. "Zima."

Timiro alikuwa na jibu mdomoni. Lakini utamjibu nini kaka mkubwa wa mumeo, ndani ya nyumba ya mumeo, na mumeo hawezi kusema? Akazima. Alizima mwenyewe, kwa kidole chake, akajiambia huenda mzee anajua. Ah, heshima hii! Inatupamba, na inatumaliza.

Miezi ikapita. Siku fyuzi ya transfoma ya mtaa ilipolipuka ilikuwa adhuhuri, mabati yanalia kwa jua. Pampu kubwa ikanyamaza. Bishar akainuka kwa fahari, mtu anayekwenda kufungua kisima chake, akawasha ile ya akiba. Ikaguna. Ikaguna tena, kisha kimya. Timiro akaitoa majini akaikuta imevaa chokaa nyeupe, ngumu kama jino. Akaikwangua kwa kisu, akaitia siki, akaigongagonga sakafuni. Wapi!

"Jaribu tena," Bishar akasema.

"Shemeji, imekufa."

"Kitu ambacho hakijatumika kitakufaje?"

Wakashika majagi, wakawa wanayachota maji chini na kuyamwaga juu, kutoka mbali ili yapate hewa. Bishar aliimba wimbo wa kunyweshea ngamia, maana hajui kuinua maji bila kuimba. Ikran, jirani, akachungulia mlangoni. "Heh! Watu wanapanga foleni ya maji, nyinyi mnanywesha samaki?" Kisha akamwona Duale kitandani, akaona aibu, akaenda zake.

Sauti ya mzee ikakauka, akaliweka jagi, akaketi chini. Timiro akaendelea peke yake. Wale wa manjano walitangulia, wakipanda juu na kutweta midomo wazi. Alasiri ilipoingia, yule mkubwa wa buluu naye akalala ubavu. Hakusalia hata mmoja.

Macho ya Duale yakasimama. Timiro akauweka uso wake mbele yake, karibu kabisa.

"Duale. Nitazame mimi."

Macho yakampita.

"Nitazame mimi, hata leo tu!" Sasa alikuwa akipiga kelele, na hakujali nani anasikia.

"Niliweka akiba," Bishar alikuwa akisema kule chini, machozi yakimshuka ndevuni. "Wallahi, niliweka akiba tu."

Stima ilirudi jua likielekea kuzama. Pampu kubwa ikakohoa, maji yakapanda, yakaanza kuzunguka tena tangini. Timiro alikuwa ameshachukua wavu wa kuwaopolea wafu. Lakini mkondo wa maji ukamshika yule wa buluu, ukamgeuza, ukampeleka kushoto, taratibu, mpaka kwenye kona, kisha ukamrudisha.

Macho ya Duale yakaenda kushoto. Yakarudi.

Bishar akamdaka Timiro mkono. "Mwache. Anamtazama."

"Shemeji, huo ni mzoga. Kwa joto hili, kesho nyumba haitakalika."

"Najua. Mwache."

Timiro akauweka wavu chini, akaketi kando ya kitanda, mahali pake. Mzoga ukaenda, mzoga ukarudi, na Duale akaufuata kwa utulivu uleule wa jana na wa juzi. Hakukunja uso wala hakupepesa. Macho yale hayakuona tofauti yoyote. Ndipo Timiro akalia, kwa sauti, kilio cha mwanamke aliyefiwa na mume.